Taa Ambayo Haikuwaka

Mtu aliyenifundisha kusoma taa za gari ndiye huyo huyo aliyenifanya nionekane mwongo mbele ya kanisa zima. Kwa hiyo anayetaka kusikia sifa zake tupu akaulize kwingine. Kibwezi nzima watampa. Watamwambia alikuwa fundi wa mafundi, mzee wa kanisa, mtu asiyepita nyumba yenye mgonjwa bila kubisha hodi. Yote hayo ni kweli, na ndiyo yanayonikera. Angekuwa mlevi au kanjanja ningeshamsahau zamani. Jina lake sitaliandika. Sisi tulimwita Fundi, basi, na ukisema Fundi pale Kibwezi miaka ya sabini hakuna aliyekuuliza yupi, ingawa gereji zilikuwa nne.

Alikuwa mfupi, kifua kipana, na sauti ndogo isiyolingana na kifua hicho. Gereji yake ilikuwa mabati machache juu ya nguzo, kando ya barabara ya Mombasa, na ardhi yake ilikuwa nyeusi kwa oili kiasi kwamba hata mvua ikinyesha maji yalikataa kuingia. Jumatatu ovaroli yake ilikuwa safi. Ijumaa ilikuwa ikisimama yenyewe.

Jambo ambalo mgeni angeliona kwanza ni kwamba Fundi alionja maji ya rejeta. Gari likiletwa limechemka, alisubiri lipoe, na hapo hakuna aliyemharakisha, hata awe nani. Kisha alifungua kifuniko kwa kitambaa, akachovya kidole, akalamba, akatema. "Hii maji ni ya kisima," alimwambia dereva. "Umejaza Makindu, ama Emali?" Visima vingi vya kwetu vina chumvi, na chumvi ile huganda ndani ya rejeta kama ukoko wa ugali chini ya sufuria, mpaka maji yanakosa njia. Fundi alikuwa na pipa la maji ya mvua nyuma ya gereji kwa ajili ya rejeta za wateja wake, na pipa hilo lilikuwa na kufuli. Mwaka wa njaa watu walinung'unika kwamba injini za Fundi zinakunywa maji matamu kuliko watoto. Lakini mke wa jirani alipojifungua, Fundi alifungua kufuli lile kila asubuhi kwa muda wa mwezi mzima na kumpelekea debe yeye mwenyewe. Nililiona hilo kwa macho yangu, na siwezi kuliondoa kwenye hesabu, hata leo ninapotaka kumchukia vizuri.

Swali lake lilikuwa moja. Dereva angefika akitokwa jasho, akianza kueleza mlima aliopanda, mzigo aliobeba, moshi aliouona. Fundi alimkatiza. "Niambie taa gani iliwaka kwanza." Kwake ugonjwa wote wa gari lililochemka ulikuwa katika mpangilio wa taa. Ikianza ya chaji, halafu ya joto, mkanda wa feni umekatika, kwa sababu mkanda ule ule huzungusha dainamo na pampu ya maji. Ikianza ya joto peke yake, tafuta maji yanakopotelea. Ya oili ikiwaka mwisho, baada ya ile ya joto, zima gari hapo hapo ulipo, hata kama uko katikati ya daraja, kwa sababu oili imekuwa nyepesi kama chai na vyuma vinasagana. Ukichomoa kijiti cha oili ukakuta kitu cheupe kama maziwa, gasketi imekwenda na maji yameingia kwenye oili, usiulize tena.

Siku moja dereva mmoja wa lori la mbuzi alikuja akicheka. Mshale wa joto ulikuwa umepanda mpaka mwisho, alisema, yeye akaendelea taratibu, na baada ya kilomita chache ukashuka wenyewe mpaka kwenye baridi. Gari limejiponya. Fundi alilitazama lile lori, lilikuwa likitoa harufu ya rangi iliyoungua. "Hiyo mshale inapima maji," alisema. "Kama maji imeisha, inapima nini?" Yule dereva aliacha kucheka. Injini yake ilikuwa imenoki, vyuma vimeumana ndani.

Nami nilijifunza hayo yote kwake. Nilikuwa dereva wa lori la maji la kanisa letu. Mwaka wa njaa waumini walichanga, wanawake wakauza vyondo walivyosuka na kuku, likanunuliwa lori kuukuu lenye tanki mgongoni, niwe nachota kwenye chemchemi za Kibwezi na kuwapelekea ndugu zetu wa Kasikeu, ambako mito ilikuwa mchanga mtupu. Mara tatu kwa wiki. Kabla sijaanza kazi Fundi aliniita gereji akanikalisha kwenye usukani. Alichomoa waya kwenye kihisio cha joto kilichoko kichwani mwa injini, akaugusisha kwenye chuma, na taa ndogo nyekundu ikawaka mbele yangu. "Waya ikigusa chuma na taa ikatae, ujue balbu imekufa," alisema. "Hii taa ndiyo macho yako. Kila kitu kingine unaweza kukosea." Nilimwamini mtu huyu kuliko nilivyomwamini baba yangu mzazi.

Sasa niseme udhaifu wake, maana huo ndio hasa ninaouandikia. Fundi alikuwa simba kwa madereva na kondoo kwa wakubwa. Dereva akimdanganya, alimrushia funguo zake na kumwambia apeleke gari kwa wachawi. Akija mwenye gari mwenyewe, mtu wa tumbo na saa ya mkononi, Fundi aliinamisha kichwa, akajifuta mikono mara mbili, na kila alichoambiwa alijibu ndiyo mzee. Kulikuwa na mfanyabiashara aliyetaka gari lake lifungwe kipande cha mpira wa baiskeli mahali pa mpira wa rejeta, kwa sababu ana haraka. Mimi na wewe tungefukuzwa kwa matusi. Yeye alifungiwa. Na mbele ya Mwenyekiti wa kamati ya kanisa letu, Fundi alikuwa hana mgongo kabisa, kwa kuwa kiwanja cha gereji kilikuwa cha Mwenyekiti. Neno moja tu na mabati yale yangeng'olewa.

Jumapili alivaa tai. Kwetu, kabla ya mahubiri, mtu husimama kutoa ushuhuda, na Fundi alisimama karibu kila wiki. Alitubu mambo madogo madogo mpaka watu wakawa wanatabasamu. Alitubu kumtukana fundi mwenzake. Alitubu kuonja pombe ya miwa kwenye arusi ya binamu yake, mara moja, kijiko. Alitubu hata kusinzia wakati wa maombi. Nilikuwa nikimsikiliza nikiona aibu kwamba mimi sina moyo mweupe kama ule.

Lori lile lilikuwa na kawaida ya kupata joto kwenye kilima, likiwa na tanki lililojaa. Taa nyekundu ikiwaka nilikuwa nasimama, nafungua boneti, nasubiri, naongeza maji. Ndivyo nilivyofundishwa. Wakati mwingine nilichelewa saa mbili. Kasikeu akina mama walikuwa wamepanga mitungi tangu alfajiri, wakaanza kulalamika, na malalamiko yakafika Kibwezi kwa Mwenyekiti kwamba dereva wake hulala njiani. Mwenyekiti aliniita akanifokea. Nikamweleza habari ya taa. Akanitazama kama mtu anayeelezwa ndoto. Kwake yeye tatizo lilikuwa taa. Taa isingewaka, dereva asingesimama, na watu wa Kasikeu wangepata maji mapema. Hakulisema hilo mbele yangu. Nilikuja kulijua miaka kumi na mitano baadaye.

Siku yenyewe nilikagua maji asubuhi, yalikuwa yamejaa hadi mdomoni. Oili ilikuwa sawa. Nilipita Makindu, nikapita Emali, jua likiwa limeanza kuuma, nikageuza macho kwenye dashibodi kila baada ya muda kama mtu anayetazama saa. Hakuna taa. Nilianza kuhisi lori limekuwa zito. Nikapunguza mwendo. Mara taa ya oili ikawaka, ikazima, ikawaka. Sikungoja hata pumzi moja. Nilizima injini, nikaliacha lori litembee lenyewe mpaka kando ya barabara. Tayari nilisikia mlio ule ambao dereva akiusikia mara moja hausahau. Mpira wa chini wa rejeta ulikuwa na ufa wa kidole, maji yote yalikuwa yametiririka kidogo kidogo njiani, na nyuma yangu lilikuwapo tanki zima la maji. Hebu fikiria watu walivyocheka. Mpaka leo kuna watu Kibwezi wanaomtania mtu mzembe kwa kumwita dereva wa tanki.

Lori lilivutwa hadi kwa Fundi, likakaa siku tatu. Siku ya nne kamati ilikutana pale pale gereji, wazee saba kwenye mabenchi, na watu wengine wamesimama, mke wangu akiwa pamoja na wanawake wa kanisa. Fundi alikuwa amekwisha kufungua injini. Aliwaonyesha vyuma vilivyosagika, akaonyesha ule ufa. Kisha Mwenyekiti akamwambia aniulize, na Fundi akaniuliza swali lake, kwa ile sauti yake ndogo.

"Taa gani iliwaka kwanza?"

Nilisema ya oili. Nilisema ya joto haikuwaka kabisa.

Fundi alijifuta mikono mara mbili. Kisha akachomoa waya ule kwenye kihisio, akaugusisha kwenye chuma, na kila mtu aliyekuwa karibu na mlango wa lori akaiona taa nyekundu ikiwaka vizuri kabisa.

Nikamkumbusha yale ya mshale, kwamba maji yakiisha kihisio hakina cha kupima. Nilifikiri nimepata mlango. Akatikisa kichwa bila kunitazama, akasema hiyo ni mpira ukipasuka kwa mara moja. Huu ulikuwa ukivuja polepole, kwa hiyo lazima taa ingewaka kabla maji hayajaisha. Lazima. Alisema neno hilo mara mbili. Kila alichonifundisha alikitumia kunifungia mlango, na alikuwa sahihi kwa kila kitu isipokuwa ukweli.

Nikawa mwongo, au nikawa mtu aliyesinzia, chagua. Nilifukuzwa kazi siku hiyo. Ndugu zetu wa Kasikeu walirudi kuchimba maji mchangani. Kanisa nalo likanisimamisha, nisishiriki meza ya Bwana mpaka nitubu. Nilikataa miezi minne. Mke wangu, Mama Mwende, alikuwa anakwenda kanisani peke yake na kurudi akiwa amevimba macho. Hakunigombeza hata siku moja. Aliniambia tu, kwa upole wake ule, kwamba mtu yeyote anaweza kusinzia, kwamba Mungu ana huruma, niseme tu yaishe. Upole ule ulinichoma kuliko matusi. Ilifika mahali nikaanza kujiuliza kama kweli niliiangalia taa au nilidhani naiangalia. Unajua inavyokuwa mtu akianza kutoamini macho yake? Unaogopa hata kuvuka barabara.

Basi nikatubu. Nilisimama Jumapili moja nikasema kwamba taa iliwaka nami nikaipuuza. Nilitubu dhambi ambayo sikuitenda, mbele za Mungu, nikimwongopea ili wanadamu waniamini. Kanisa zima likasema amina. Fundi alikuwa kwenye benchi la wazee, na amina yake niliisikia, kwa sababu naijua sauti yake. Wiki iliyofuata alisimama akashuhudia kwamba alimfokea mke wake kwa sababu ya chumvi kwenye mboga.

Tulihama. Nilimpeleka mke wangu na watoto Tawa, kwenye shamba la ukoo wake, tukalima ndengu na mbaazi. Sikushika usukani tena. Si kwamba nilikatazwa. Nikikaa mbele ya dashibodi sikuziamini tena taa zake.

Miaka ya tisini ilikuwa imeanza nilipomwona Fundi sokoni Tawa. Alikuja kwa mkutano wa kanisa. Alikuwa amekonda, amevaa tai yake siku isiyo Jumapili, na jicho moja lilikuwa limeingia ukungu. Mimi ndiye niliyemwona kwanza na ningeweza kupita. Yeye akanitambua kwa mwendo, akaniita, "Mwanaasa," yaani ndugu kwa Kikamba chetu, neno ambalo hakuwahi kuniitia wakati nikiwa mwanafunzi wake. Alinishika mkono hakuuachia. Tulisimama pale kati ya magunia ya mahindi, akaniambia bila kuzunguka.

"Ile balbu ni mimi nilitoa," alisema. "Mwenyekiti aliniambia nitoe, ndio usiwe unasimama simama. Niliitoa Jumamosi, wewe hukuwa. Gari ikiletwa imenoki, nikarudisha balbu kabla kamati ikuje."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia hata wakati anaitoa, niwe najua naendesha kipofu. Akasema kanisani Mwenyekiti alikuwa karibu, akakusudia kuniambia Jumatatu, lakini niliondoka mapema. Jumatatu. Miaka kumi na mitano ya maisha yangu, kwa sababu niliwahi kazini. Nikamuuliza mbona hakusema kwenye kamati. "Si unajua vile yule mzee alikuwa," alisema. "Ningepeleka watoto wapi?" Mwenyekiti alikuwa ameshafariki. Fundi alikuwa bado na gereji.

Kisha akataka tuombe. Pale pale, kati ya magunia, alivua kofia na kuinamisha kichwa, akangoja niseme nimemsamehe. Nilitaka kumpiga. Sisemi kwa mapambo, ngumi ilikuwa imekunjwa. Nilimwambia sitaomba naye. Nikamwambia kama ana toba arudi Kibwezi, asimame mahali niliposimama mimi, aseme kwa sauti ile ile ya amina. Akasema kanisa la Kibwezi limejaa watu wapya, wafanyabiashara na wageni kutoka nyanda za juu, hakuna anayelikumbuka lori lile tena, atakuwa kama anawasimulia hadithi. Na hilo nalo lilikuwa kweli. Alikuwa amekaa kimya mpaka ukweli ukakosa wa kuusikia.

"Yuko mmoja," nilimwambia. "Twende nyumbani."

Alitembea nyuma yangu mwendo wa nusu saa bila kulalamika, akijikwaa kwenye mawe upande wa lile jicho. Mama Mwende alikuwa uani akipepeta ndengu. Alipomtambua alifurahi kweli, maana kwake Fundi alikuwa mzee wa kanisa lake la zamani. Alimletea kiti chenye mto, akaharakisha chai, akaweka maziwa mengi na viazi vitamu pembeni. Mke wangu hajawahi kumwachia mgeni kikombe kikauke. Hata wakusanya kodi wanakunywa kwake. Aliuliza habari za Kibwezi, nani amezaa, nani ameitwa na Bwana. Fundi alijibu, akanywa kidogo, akanitazama. Mimi sikumsaidia.

Mwishowe akaweka kiazi chini. "Mama Mwende," alisema, "ile siku ya lori, mume wako hakulala. Na hakudanganya. Taa haikuwaka kwa sababu mimi nilikuwa nimetoa balbu."

Alimweleza yote, na safari hii hakuacha chochote, hata ile asubuhi ya kuirudisha. Mke wangu aliendelea kuushika ule ungo wa ndengu magotini. Alinitazama mimi, muda mrefu. Nilidhani atalia. Miaka kumi na mitano mwanamke yule alinisamehe kila asubuhi, akanipikia kwa msamaha, akanizalia watoto wengine wawili kwa msamaha, nami nikaumeza kwa kuwa sikuwa na chakula kingine.

Aliweka ungo chini. Akainuka, akamfuata Fundi pale kwenye kiti chenye mto, akamtoa kikombe mkononi kikiwa bado nusu, na kumwaga ile chai kwenye mchanga.

"Mume wangu alitubu mbele yako," alimwambia, "na wewe ukasema amina."

Fundi alitafuta kofia yake, akaondoka. Mke wangu alirudi akakaa mahali pake, akasogeza ungo, akaniambia nivute kiti nikae karibu naye.